Picha Iliyohama Ukuta

“Safari hii usitazame dirisha,” Maioha alisema. “Kila mtu hutazama dirisha.”

Sajini Parehuia Tene alivuta kiti mbele mpaka magoti yake yakagusa meza. Chumba cha kuhariria filamu cha chuo cha sanaa kilikuwa kidogo kama stoo, na kilinuka tambi za kikombe na nyaya zilizopata moto. Nyuma yake Konstebo Callum, Mzungu wa Dunedin mwenye miguu mirefu isiyopata pa kukaa popote, alikuwa ameegemea mlango.

Maioha, binti wa chuo hicho, akabonyeza kitufe.

Sebule ikajitokeza. Kona ya sebule, kusema kweli, imepigwa kutoka juu, kuta mbili zikikutana katikati ya skrini. Picha za fremu zilijaa kuta zote mbili. Kulikuwa na ukingo wa dirisha, kabati la vioo na kichwa cha kiti cha kutikisika, na hapakuwa na mtu. Mwanga wa jua ulipita ukutani mbio mbio, ukafa, ukazaliwa tena. Sauti ilikuwa ya friji tu, imepunguzwa kasi mpaka ikawa kama mtu anayetaka kukohoa asiweze.

Ndipo picha moja ya ukuta wa kulia, kijana aliyevaa jezi ya raga, ikatoweka. Ikabaki misumari miwili. Papo hapo kijana yule yule akawa ukuta wa kushoto, baina ya mzee mwenye kofia na mwanamume mwenye sharubu, anacheka vile vile. Mwanga ukapita. Akarudi kulia.

“Lo!” Callum akasema.

“Ngoja, atahama tena.”

Akahama tena. Akarudi. Akahama. Filamu nzima ilikuwa ya dakika tano, na kijana alihama mara sita.

“Haya,” Parehuia akasema. “Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyeacha shule mapema.”

“Shangazi, wewe hukuacha shule mapema,” akasema; alimwita hivyo kwa heshima tu.

“Basi mweleze Callum.”

“Nipo hapa, Bosi. Nasikia,” Callum akasema.

Maioha akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, vidole vyake vina madoa ya wino, na hakuwa amelala vizuri. Wetini, kaka yake wa pekee, yule kijana wa jezi, alikuwa ametoweka mwisho wa mwezi wa tatu pamoja na begi lake dogo, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Faili lake lilikuwa kwenye meza ya Parehuia, na Parehuia alijua jinsi lilivyokuwa jembamba.

“Ni kazi ya muhula,” binti akaanza. “Mwalimu alitaka tushike kitu cha nyumbani kinachokugeuka. Siyo zimwi. Zimwi unalikimbia, basi. Hiki ni kikombe chako cha kila siku, lakini leo kinakutazama.”

“Na ule ugothi, hizo hadithi za kutisha ulizozitaja kwenye simu?”

“Zamani ulikuwa kasri, popo, bibi harusi mwenye damu. Sisi tunauvunja vipande vipande, tunaucheka, halafu tunaona kama bado utatutisha. Mimi sina kasri. Nina nyumba ya Bibi, ya mbao, bati linavuja. Nikasema nitaipiga picha ikiwa peke yake. Kamera nikaificha juu ya kabati la nguo lililo sebuleni, nyuma ya masanduku. Picha moja kila dakika ishirini, siku nane, Jumatatu hadi Jumatatu.”

“Ulimwambia nani?”

“Hakuna. Ukiwaambia watu, nyumba nayo inajipanga.”

“Nani aliiona filamu?”

“Darasa zima. Walipiga makofi. Mwalimu akaandika hivi.” Akamsogezea karatasi. Parehuia akasoma: *Nyumba inakataa kuwa na hadithi moja. Moshi mweupe wa pembeni ni kipaji kitupu.* “Wanadhani ni ujanja wangu. Shangazi, ile picha sikuigusa. Sikuihamisha mimi, wala kompyuta haikuihamisha.”

“Nataka mafaili ya kamera yenyewe. Siyo hii iliyopikwa.”

Binti alikuwa ameyatayarisha. Picha zilikuwa mia tano na sabini na sita, kila moja na saa yake pembeni. Parehuia alizipitia moja moja, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Callum akachora jedwali kwenye daftari.

“Simama hapo. Kioo cha kabati. Kuna mtu.”

Ndani ya kioo palikuwa na umbo la mwanamume mrefu, bega moja juu kuliko jingine, jembamba kama mvuke wa chai. Callum aliacha mlango akainama juu ya mabega yao.

“Huyo ndiye Wetini,” akanong'ona.

“Hapana,” Maioha akasema. Uso ulimwiva. “Hiyo ni kwenye filamu, angalia, nimefungua faili siyo. Kwenye faili la kamera hayupo. Huyo nilimweka mimi. Ni mkanda wa Krismasi ya mwaka juzi, anaosha vyombo. Nilimfifisha mpaka akabaki hivyo.”

“Kwa nini?”

“Nilitaka awemo.”

Parehuia akauliza, “Na moshi?”

“Moshi sijui. Nilidhani vumbi kwenye lenzi. Lakini uko hata kwenye mafaili ya kamera, na unakuja na kuondoka.”

Ulikuwa chini kabisa ya picha, ukingoni, chini ya ukuta wa kushoto: kitu cheupe, laini, kisichofika unene wa kidole. Katika picha moja kiko. Katika inayofuata kimesogea kidogo. Katika nyingine hakipo. Parehuia alimwambia Callum aongeze safu kwenye jedwali.

“Mchana nyumbani anabaki nani?”

“Hakuna. Mama anaondoka saa moja na nusu, yuko kiwanda cha chakula cha paka, anatoka saa tisa na nusu. Mimi saa tatu nimeshatoka. Bibi naye anakwenda kusuka mikeka na wenzake ukumbini, kila siku, anarudi saa tisa.” Binti akakunja mikono. “Shangazi, ni Wetini. Ana ufunguo. Anakuja tukiwa hatupo, anaichukua picha yake, anaitazama, anaitundika popote maana kichwa hakijatulia, halafu anakumbuka anairudisha. Anaona aibu kutuona, basi. Na nina ushahidi.”

“Upi?”

“Namwachia chakula. Sahani kwenye oveni, imefunikwa. Tangu mwezi wa sita. Kinaliwa, Shangazi. Kila siku kinaliwa, na sahani inaoshwa. Na yeye ndiye alikuwa mwosha vyombo nyumbani.”

Callum alimtazama bosi wake. Bosi wake alikuwa anaandika.

“Mama yako anajua kuhusu sahani?”

“Hapana. Mama hataki kutumaini mbele za watu. Anatumaini akiwa anaoga, nasikia.” Akashika mkono wa Parehuia ghafla, kisha akauachia. “Wekeni mtu aangalie nyumba. Siku moja tu. Msimkamate. Mwambieni Maioha amesema arudi hata kama amefanya nini.”

Parehuia aliifunga diski yenye mafaili ya kamera ndani ya bahasha, akaandika tarehe na saa, akamsainisha. Hakumwahidi kitu.

* * *

Ndani ya gari Callum hakungoja hata mkanda ufungwe.

“Pasipoti yake haijavuka mpaka. Hilo tulilijua. Baba yake mdogo anapiga simu kutoka Perth kusema kijana kaonekana migodini, nasi tukaandika ‘huenda yuko Australia’ kama tunavyoandika kwa kila mtu. Kumbe yuko hapa hapa Whanganui, anakula maandazi ya dada yake. Bosi, tuweke gari mtaani kesho.”

“Ukuta wa kulia una nani?”

“Jamaa zake.”

“Wa kushoto?”

“Jamaa zake wengine.”

“Callum, umeoa kwetu miaka minne. Ukienda kwa mama mkwe wako unatazama nini, televisheni?”

“Natazama sahani yangu. Mama mkwe wangu ukimjua utaelewa.”

“Kulia ni wanaopumua. Kushoto ni waliokwisha kwenda. Mtu hai hatundikwi na wafu, hata kwa bahati mbaya, hata nafasi ikikosekana. Ni kumchimbia kaburi huku anakula.”

Callum alitafakari. “Basi kijana anatania. Kichwa hakijatulia, dada yake kasema.”

“Kijana wa Kimaori anaweza kuiba gari la bibi yake na kuliuza. Lakini kujitundika pale kwa mkono wake? Nipe jedwali.”

Akalitandaza juu ya usukani. Picha ilitoka kulia baina ya saa tatu na dakika arobaini na saa nne asubuhi. Ilirudi baina ya saa nane na dakika arobaini na saa tisa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumatatu tena. Jumamosi na Jumapili haikusogea.

“Mzimu wa kuajiriwa,” Callum akasema. “Una wikiendi.”

“Una ratiba ya Ngahuia, mama yake. Siku Ngahuia anashinda nyumbani, picha haihami. Na moshi?”

Callum akafuata safu kwa kidole. Moshi haukuwahi kuonekana wakati picha iko kulia. Ulionekana tu picha ikiwa kushoto.

Parehuia alichukua simu akapiga ukumbi wa wasukaji, akamuulizia bibi yake Maioha. Aliyepokea alikuwa mama mwenye sauti nzito na redio nyuma yake.

“Te Paea? Ah, mwanangu, hatujamwona tangu mwezi wa tatu. Alisema miguu. Tulimpelekea keki, akaipokea mlangoni, hakutukaribisha ndani. Mwambie mkeka wake umekaa nusu, na hakuna wa kuumaliza ila yeye.”

“Nitamwambia, Shangazi.”

Akakata simu. Saa ilikuwa nane na robo mchana.

“Kwa hiyo bibi yumo ndani,” Callum akasema polepole. “Lakini kamera ilipiga siku nane. Angekaa sebuleni masaa matano, si tungemwona?”

“Kamera iko juu ya kabati. Inaona kuta, inaona kichwa cha kiti. Haioni sakafu.” Parehuia akawasha gari. “Kwenye msiba wa mkweo, wenye maiti walikaa wapi?”

Callum aliwaona tena: wanawake wenye nguo nyeusi juu ya magodoro, chini, kando ya jeneza, siku tatu, usiku na mchana.

“Ule si moshi,” akasema.

“Ni mvi.”

* * *

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kwenye ngazi za nje palikuwa na sahani iliyoliwa, uma umelazwa katikati. Parehuia aliiona akaipita. Ndani, kwenye ushoroba, kando ya mlango wa sebule, palikuwa na bakuli la maji sakafuni. Lile alisimama akalitazama: ni maji ya kunawa mtu akitoka kwa maiti. Alivua viatu. Callum naye akavua. Soksi yake ya kushoto ilikuwa imetoboka.

“Hodi, Bibi. Ni Parehuia, wa kina Tene. Nimekuja na mwenzangu.”

Sauti ikatoka chini, karibu na sakafu. “Umeshaingia, binti. Hodi ya nini tena.”

Bibi Te Paea alikuwa ameketi juu ya godoro jembamba chini ya ukuta wa kushoto, miguu ameinyoosha chini ya blanketi. Alikuwa mdogo wa mwili, na nywele zake nyeupe zilikuwa nyingi, amezifunga juu ya utosi. Juu yake, baina ya mume wake Turei na Rewi, mwanawe wa kwanza, Wetini alikuwa anacheka ndani ya jezi.

Parehuia hakumsalimu. Alisimama katikati ya chumba, akaelekea ukuta wa kushoto, akawaamkia kwanza wale wa ukutani kama inavyopasa. Alisema Kimaori, pole pole, bila kusoma popote. Akamwita Turei kwa jina, akamwambia aende, aende, aende kwa waliotangulia. Akamwita Rewi, akamwambia vile vile. Kisha akainua macho kwenye picha ya katikati.

“Wetini,” akasema. “Na wewe, mwanangu. Nenda. Nenda kwa babu yako. Nenda kwa baba yako.”

Akahesabu moyoni mpaka kumi.

Bibi Te Paea hakusema kitu. Machozi yalikuwa yakimshuka bila sauti, yanaingia kwenye makunyanzi, yanatokea shavuni.

Parehuia akaenda akapiga magoti kando ya godoro, wakagusana pua na paji la uso, salamu ya Kimaori. Wakakaa hivyo kitambo.

“Nimemuaga mjukuu wako kama marehemu,” akasema. “Angekuwa hai, ungenikata ulimi. Hukunizuia, Bibi.”

“Nikuzuie vipi? Miezi minane hakuna mwingine aliyemuaga.”

Parehuia akakaa chini. Callum alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, hajui atazame wapi.

“Kabla hujasema,” Parehuia akasema, “nimekuja na kazi yangu. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya mwanasheria. Utakayosema nitayaandika.”

“Kunyamaza?” Bibi akafuta uso kwa kiganja. “Haki hiyo, binti, nimeitumia mpaka imetoboka kama soksi ya mwenzako. Andika.”

Callum akarudisha mguu nyuma.

“Matiu ndiye aliyeniambia,” akaanza. Matiu alikuwa mwanawe wa mwisho, yule baba mdogo wa Perth. “Walikwenda juu mtoni na boti kuvua mikunga, samaki walikuwa wengi, mvua imenyesha. Matiu alikuwa amekunywa. Boti ikagonga gogo. Matiu akashika mti. Wetini…” Akapapasa blanketi. “Siku ya tatu alimpata kwenye kona, mto ulipomweka. Akamzika peke yake. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeimba. Alikuwa na kifungo cha nje, Matiu. Mahakama ilimwambia asiguse pombe wala boti. Akapiga magoti hapa, hapa ulipo wewe. Mama, nitafungwa. Mama, Ngahuia ataniua. Nilikuwa nimeshazika mume na mtoto. Nilibakiwa na mmoja. Nikaapa sitasema.”

“Na begi la nguo?”

“Begi lilichukuliwa siku hiyo hiyo, kusudi ionekane kasafiri. Wiki ya pili Matiu akaenda Perth. Zile habari za migodini ni za uongo, za kumtuliza mama wa Wetini. Kila Jumapili anapiga simu, na kila Jumapili namwona Ngahuia anavyosogea karibu na simu.”

Kalamu ya Parehuia ilikuwa inatembea. “Kwa nini picha?”

Mwanamke mzee alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini watu huvuta pumzi.

“Maiti haachwi peke yake, unajua. Hata dakika moja. Tangu roho inatoka mpaka udongo unamfunika, pana mtu kando yake. Yeye alilala mtoni siku tatu na samaki, kisha kule juu na upepo. Sikuweza kumfuata, miguu hii. Nikasema nimlete kwa babu yake. Nimtandikie. Mama yake akitoka, namshusha, nakaa naye, namsimulia. Kabla ya saa tisa namrudisha kwa walio hai, kwa sababu mama yake angejua.”

“Akimkuta ukuta wa kushoto angejua kwa kutupia jicho.”

“Ndiyo. Sikuweza kumuacha kulia kutwa, ni uongo. Sikuweza kumuacha kushoto, ni kisu.” Akageuza uso. “Kamera ya mtoto imeniona, eh? Niliona kitaa chekundu juu ya kabati. Nikadhani ni kile kidude cha intaneti.”

“Ilikuona utosi tu. Chuoni wanasema wewe ni moshi.”

Midomo ya Bibi ilikaribia kucheka, ikashindwa.

“Wapi alipozikwa?”

“Shamba la zamani la wazee wa mume wangu. Juu ya kona ya mto, pale nyumba iliungua likabaki dohani. Mbele ya dohani, hatua kumi kuelekea majini.”

Callum alitoka nje kupiga simu. Parehuia alimsikia akitaja dohani, akitaja barabara ya changarawe, akiomba eneo lifungwe na wachimbaji wa kitaalamu waje asubuhi. Aliandika saa kwenye daftari: saa tisa na dakika hamsini. Hapo ndipo alipogundua kuwa saa tisa ilikuwa imepita, na picha ilikuwa bado kushoto, na gari lilikuwa linaingia uani.

* * *

Ngahuia aliingia na aproni ya kiwandani mkononi, Maioha nyuma yake. Binti alikuwa amepitiwa chuoni njiani, na macho yake yalimrukia Parehuia yakiwa yameshauliza.

“Gari la polisi, na mlango wa nyuma wazi,” Ngahuia akasema. “Mama? Umeanguka? Nilikuambia ile ngazi—”

Aliona godoro.

Macho yake yalipanda kutoka godoroni mpaka ukutani, yakafika kwa mumewe Rewi, yakasogea kiasi cha upana wa fremu moja, yakasimama. Aproni ilianguka. Alisimama hivyo kwa muda ambao Callum baadaye aliapa ulikuwa dakika tano, ingawa Parehuia alikuwa na saa na alijua ulikuwa nusu dakika.

“Tangu lini?” Ngahuia akauliza.

“Mwezi wa tatu,” Bibi akajibu. “Mto. Alikuwa na Matiu.”

“Nani alikaa naye?”

“Mimi.”

“Kila siku?”

“Kila siku uliyokwenda kazini.”

“Mimi napakia makopo ya paka.” Sauti yake ilikuwa tambarare, haina hata mkunjo. “Napakia makopo elfu tatu kwa zamu, najiambia Wetini yuko juani huko, anachoma nyama, anatafuta mchumba. Nawe umekaa hapa na mwanangu. Umeniibia msiba wangu, Mama.”

“Nimekuibia.”

“Umemlilia peke yako.”

“Nimemlilia, Ngahuia. Sina la kujitetea.”

Maioha alikuwa hajasogea kutoka mlangoni. “Bibi,” akasema. “Chakula je?”

Mzee alifumba macho.

“Bibi, chakula nani alikuwa anakula?”

“Ningekiacha, ungejua. Kila jioni ulikuwa unaangalia sahani kabla hujavua begi. Uso wako ulikuwa unafunguka, mjukuu wangu. Nikasema leo tu, afurahi leo tu. Nikakila nje, kibarazani, siwezi kula mbele yake. Nikaosha sahani.”

Binti aliteleza kwenye fremu ya mlango mpaka akakaa sakafuni. Ngahuia alimwendea, akamshika kichwa akakibana tumboni pake, na sauti iliyomtoka mama yule haikuwa ya maneno. Ilipita chumbani, ikatoka dirishani, na jirani wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa anakata nyasi akazima mashine yake.

Ilipokwisha, Ngahuia alijifuta kwa mkono wa sweta.

“Wapi?” akamuuliza Parehuia.

Parehuia akamwambia. Akamwambia pia kwamba eneo limefungwa, kwamba wachimbaji wanakuja asubuhi, kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kugusa hata jani, na kwamba polisi wa Perth wataombwa wamtafute Matiu leo leo.

“Sitagusa. Nitakaa.”

“Nje ya utepe.”

“Nje ya utepe. Karibu kiasi gani?”

Kitabu cha taratibu kilisema mita hamsini. “Callum atakupimia,” Parehuia akasema. “Ana hatua ndefu, lakini leo atatembea fupi.”

Wakabeba mablanketi, chupa ya chai, godoro lile lile. Maioha alipanda nyuma ya gari la mama yake akajilaza juu ya godoro. Ngahuia akakaa kwenye usukani, akawasha injini, akafunga mkanda. Kiti cha mbele, upande wa pili, kilikuwa kitupu.

Bibi Te Paea alikuwa ametoka mpaka kizingiti cha mlango wa mbele. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na hakuomba kitu.

“Maelezo yako yaliyosainiwa nitayachukua kesho,” Parehuia akamwambia. “Leo sina karatasi.” Alikuwa nazo, mkoba mzima.

“Na wewe utaniweka ndani?”

“Hilo ataamua mwingine. Kesho.”

Injini ilinguruma. Gari halikuondoka. Callum aliyekuwa mbele ndani ya gari la polisi alitoa kichwa nje kuuliza kuna nini, Parehuia akamwashiria anyamaze. Jirani alikuwa amesimama kando ya mashine yake ya nyasi, kofia kifuani.

Ngahuia alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, mikono yote miwili juu ya usukani. Dakika ikapita. Kisha akashusha kioo cha upande wa pili, bila kugeuka.

“Chukua koti,” akasema. “Kule juu kuna upepo, Mama. Sitaki uniugulie na wewe.”